Ahadi ni Deni, Lakini Nani Alipe?

Waswahili husema ahadi ni deni. Ni miongoni mwa methali za kwanza ambazo mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa, na kwa kawaida hufafanuliwa kwa sentensi moja: ukiahidi, timiza. Sina ugomvi na ufafanuzi huo. Lakini kila nikiitafakari naona kuna swali ambalo methali yenyewe hailigusi. Penye deni pana anayedai, pana anayedaiwa, na pana kitu cha kulipia. Je, kitu cha kulipia kikiwa ni mtu? Na ikiwa mtu huyo hakuwa amezaliwa ahadi ilipotolewa, wala hakuulizwa, deni hilo ni la nani?

Swali hili nililikuta limeulizwa kwa ukali kuliko nilivyotarajia katika maandiko ya kale sana ya Bara Hindi, yaani maandiko ya Veda. Katika insha hii nitajadili kisa kimoja cha humo, kisa cha kijana aitwaye Shunahshepa. Naona kwamba kisa hiki kinatenganisha madeni ya aina mbili ambayo sisi huyachanganya mara kwa mara, na kwamba kuyachanganya huko ndiko kunakomfikisha kijana kwenye nguzo ya kuchinjiwa.

Kwa kuwa wengi wetu hatukusoma habari za Veda shuleni, nianze na maelezo mafupi. Veda ni nne: Rigveda, Yajurveda, Samaveda na Atharvaveda. Ya kale kuliko zote ni Rigveda, mkusanyo wa nyimbo 1,028 zilizogawanywa katika vitabu 10, ambazo watafiti wengi hukadiria kwamba zilitungwa kati ya mwaka 1500 na 1000 KK, kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi. Baadaye yakafuata maandiko ya nathari yaitwayo Brahmana, ambayo hueleza ibada za kafara: kwa nini moto uwashwe namna hii, kwa nini kuhani aketi pale, na ni hadithi gani iliyo nyuma ya kila tendo. Nasema "maandiko" kwa mazoea tu. Kwa karne nyingi hayakuandikwa. Yalihifadhiwa kwa ulimi na sikio, mwalimu akimkaririsha mwanafunzi silabi kwa silabi, na zilikuwapo mbinu maalumu za kuyarudia maneno mbele na nyuma ili hata sauti moja isipotee. Mwaka 2003 UNESCO iliutangaza utamaduni huo wa kukariri Veda kuwa urithi wa binadamu wote. Sisi tunaosoma fasihi simulizi, ambao huambiwa kila muhula kwamba fanani huibadilisha hadithi kila anapoitamba, tungefaidika kukumbuka kwamba kuna jamii iliyoifanya simulizi iwe ngumu kubadilika kuliko hata kitabu.

Kisa chenyewe kimo katika Aitareya Brahmana, sehemu ya saba. Nitakieleza kwa maneno yangu.

Palikuwa na mfalme aliyeitwa Harishchandra, wa ukoo wa Ikshvaku. Alikuwa na wake 100, na hakuwa na mwana hata mmoja. Nyumbani kwake walikaa wenye hekima wawili, Parvata na Narada. Siku moja mfalme akamuuliza Narada faida ya kuwa na mwana. Narada akamjibu kwa beti 10. Baba hulipa deni lake kwa kupata mwana, akasema, na akiuona tu uso wa mwana aliyezaliwa hai, amepata kutokufa. (Katika beti hizohizo Narada anasema pia kwamba binti ni huzuni. Nalitaja kwa sababu mimi ni binti, na sikutaka kupita hapo kimyakimya.) Kisha akamshauri mfalme amwendee Varuna. Katika Veda, Varuna ni mungu anayelinda utaratibu wa ulimwengu na kuangalia viapo. Mwenye kuvunja neno lake hunaswa kwa kamba za Varuna. Mfalme akaenda, akaahidi: nipe mwana, nami nitakutolea huyohuyo awe kafara.

Mwana akazaliwa, akaitwa Rohita. Varuna akaja kudai. Mfalme akasema: mnyama hafai kwa kafara kabla hajatimiza siku 10, subiri zipite. Zikapita, Varuna akarudi. Subiri aote meno. Akaota. Subiri meno yang'oke. Yakang'oka. Subiri yaote tena. Yakaota. Subiri aweze kubeba silaha, kwa maana mtoto wa mfalme hakamiliki kabla ya hapo. Kila mara Varuna anajibu kwamba na iwe hivyo. Yeyote aliyewahi kudaiwa kodi ya chumba anaijua lugha hii vizuri sana.

Siku ilipofika mfalme akamwita mwanawe, akamweleza kwamba Varuna ndiye aliyempa, na sasa lazima amtoe. Rohita akasema hapana. Akachukua upinde wake, akaingia msituni. Varuna akamkamata mfalme, tumbo lake likavimba kwa maji. Rohita alipopata habari alitaka kurudi nyumbani, lakini kila mwaka Indra, mungu wa vita, alimtokea kwa sura ya Mbrahmani, yaani mtu wa tabaka la makuhani, akamhimiza aendelee kutembea. Katika mwaka wa sita akakutana msituni na Mbrahmani wa kweli aitwaye Ajigarta, aliyekuwa akiteseka kwa njaa pamoja na mkewe na wana wao watatu. Rohita akamwambia: nitakupa ng'ombe 100, nipe mmoja wa hawa nijikomboe. Baba akamshika mkubwa, akasema si huyu. Mama akamshika mdogo, akasema wala si huyu. Wakaafikiana kumtoa wa katikati, ambaye ndiye Shunahshepa.

Rohita akampeleka kwa baba yake. Varuna akakubali badala hiyo, akisema Mbrahmani ni bora kuliko mtu wa tabaka la watawala. Kafara ikapangwa kuwa sehemu ya rajasuya, ibada ya kumtawaza mfalme, na makuhani wake walikuwa wakubwa wa wakubwa: Vishvamitra, Jamadagni, Vasishtha na Ayasya. Lakini ulipofika wakati wa kumfunga kijana nguzoni, hakupatikana mtu wa kumfunga. Ajigarta akasema: nipeni 100 nyingine, nitamfunga mimi. Akapewa, akamfunga. Ulipofika wakati wa kumchinja, hakupatikana mtu wa kumchinja. Ajigarta akasema: nipeni 100 nyingine, nitamchinja mimi. Akaja akinoa kisu.

Shunahshepa akatambua kwamba watamchinja kana kwamba si binadamu. Akaanza kuwaomba miungu. Mmoja akamtuma kwa mwingine, na huyo kwa mwingine, mpaka akafika kwa Ushas, mungu wa kike wa alfajiri. Kwa kila ubeti aliomwimbia, kamba zililegea, na tumbo la mfalme likapungua. Kwenye ubeti wa mwisho kamba zikaanguka, na mfalme akapona.

Kisa hakiishii hapo, ila nisimame kwanza kidogo, kwa sababu hakieleweki bila neno moja la Kisanskriti: rina. Maana yake ni deni, na pia hatia. Taittiriya Samhita, andiko la jadi ya Yajurveda, linasema Mbrahmani huzaliwa tayari ana madeni matatu: kwa rishi, yaani wenye hekima wa kale waliozipokea nyimbo za Veda; kwa miungu; na kwa mababu. La kwanza hulipwa kwa kusoma, la pili kwa kutoa kafara, la tatu kwa kuzaa. Shatapatha Brahmana nayo inapanua hesabu hiyo. Inasema kila aliyepo amezaliwa na madeni, na inaongeza la nne: deni kwa watu, ambalo hulipwa kwa kuwakaribisha na kuwalisha wageni.

Kwa hiyo mtu anazaliwa akiwa mdeni. Hakukopa popote, hakutia sahihi, lakini anadaiwa. Mtafiti Mfaransa Charles Malamoud, aliyeandika kwa kina juu ya fikra hii, alionyesha ugeni huohuo: ni deni lisilo na hadithi ya mkopo. (Sisi tunaosema Kiswahili tuna maneno mawili, deni na dini, yaliyotoka katika Kiarabu, na katika maandishi ya Kiarabu yanaandikwa kwa herufi zilezile tatu. Sitajenga hoja juu ya jambo hilo, ila nalipenda.)

Wapo wanaosikia fundisho la namna hii na kuona ni minyororo. Naelewa kwa nini. Katika familia nyingi za huku Rwanda, na nadhani si Rwanda peke yake, kijana anayefika chuo kikuu hufika amebeba hesabu kichwani. Mjomba alilipa muhula huu, shangazi aliuza kitu ili ule ulipwe, kaka aliacha shule ili mimi niendelee. Hakuna aliyeiandika, lakini kila mtu anaikumbuka, na wana haki ya kuikumbuka. Neno "tumekusomesha" lina uzito kuliko neno "tunakupenda". Kwa hiyo ukiniambia kwamba binadamu huzaliwa na deni, sitabisha. Nitakachouliza ni jinsi linavyolipwa.

Hapo ndipo maandiko ya Veda yanaponishangaza. Hebu tuangalie tena namna ya kulipa. Deni la mababu halilipwi kwa kuwarudishia mababu chochote. Linalipwa kwa kuwa mzazi, yaani kwa kuwa babu wa mtu mwingine baadaye. Deni la wenye hekima linalipwa kwa kuwa msomi. Deni la watu linalipwa kwa mgeni ambaye hakukupa kitu. David Graeber, mwanaanthropolojia Mmarekani, alilisisitiza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 2011 kuhusu historia ya deni, akiwapinga waliotaka kuyatumia maandiko haya kuonyesha kwamba kila mtu ana deni la kulipa kwa jamii au kwa dola. Deni la kuzaliwa huwezi kulibandika bei. Malipo yake yanakwenda mbele. Msomaji wa Rwanda anaujua mfano wa karibu: tangu mwaka 2006, katika mpango wa Girinka, familia maskini hupewa ng'ombe, na ndama jike wa kwanza anayezaliwa humpa jirani mwingine mwenye uhitaji. Aliyepewa harudishi kule alikotoa, anapeleka mbele. Ng'ombe wa Ajigarta ni wa aina nyingine kabisa.

Turudi kwa mfalme. Narada alimwambia kwamba mwana ndiye njia ya kulilipa deni la mababu, na mfalme akaenda kuahidi kumtoa mwana huyohuyo. Amechimba shimo moja ili kufukia jingine. Mwana aliyechinjwa hawezi kuzaa wala kuendeleza ukoo, kwa hiyo lile deni linalopaswa kwenda mbele limekatwa pale lilipoanzia. Isipokuwa, na hili ndilo linalonitia baridi, mfalme alilisikia neno la Narada kama mhasibu. Uso wa mwana ukionekana mara moja, kutokufa kumepatikana. Kilichobaki cha mtoto kinaweza kutumika kwa jambo lingine. Kisa hakisemi kwamba mfalme alifikiri hivyo, lakini ahadi yake haina maana nyingine ninayoweza kuiona.

Mtu anaweza kunijibu kwamba ahadi kwa mungu si mchezo, na kwamba jamii ambayo watu wake hugeuza maneno haiwezi kusimama. Ni kweli, na kisa chenyewe hakiichukulii ahadi kwa wepesi. Hakimwachi mfalme acheke. Lakini tazama ugonjwa unampata nani. Rohita ndiye aliyekataa na kukimbia. Kama deni lingekuwa lake, tumbo lake ndilo lingevimba. Varuna, mwenye kudai, anamjua mdeni wake. Anamkamata aliyesema neno, si aliyetajwa katika neno. Hapa msimuliaji wa Brahmana anakubaliana na sauti za zamani zaidi. Katika Rigveda, kitabu cha pili, wimbo wa 28, mwimbaji anamwomba Varuna amwondolee madeni yake, na asiachwe alipie yaliyotendwa na mtu mwingine. Katika kitabu cha saba, wimbo wa 86, mwingine anaomba kufunguliwa makosa ya mababa. Hofu ya kurithi deni ilikuwapo basi, na ilikuwa hofu ya kweli. Katika wimbo maarufu wa mcheza kamari, wa 34 katika kitabu cha 10, baba, mama na ndugu wa mdeni wanamkana mbele ya wanaomdai. Watu walioimba hivyo hawakuona kwamba ni jambo jema mmoja kufungwa kwa ajili ya mwingine. Waliliona kuwa msiba wa kuombewa.

Kwa hiyo Rohita alikuwa na haki ya kusema hapana. Mungu mzima alimhimiza asirudi. Lakini Rohita akishakataa kuwa malipo, anafanya nini? Anatafuta malipo mengine. Yeye ndiye anayetaja bei. Ajigarta hakuwa sokoni akinadi mtoto. Alikuwa msituni na njaa yake, akatokea kijana wa ikulu mwenye mali. Wasomaji wengi wa kisa hiki hummwagia Ajigarta lawama zote, nami pia nitamlaumu, lakini mnunuzi asisahaulike.

Suala la njaa lina historia yake. Sheria za Manu, zilizoandikwa karne nyingi baada ya Brahmana, zinamtaja Ajigarta kwa jina katika sura ya 10, mahali panapozungumzia yaliyo halali wakati wa dhiki. Zinasema kwamba alikaribia kumuua mwanawe kwa sababu ya njaa, na hakupata doa la dhambi, kwa kuwa alikuwa akitafuta namna ya kuishinda njaa. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Mtu aliyeshiba hana ruhusa ya haraka ya kumhukumu mwenye njaa, na sisi tunaoandika insha kwenye maktaba tumeshiba, angalau mpaka tarehe 20 ya mwezi.

Hata hivyo hesabu ya Manu haikubaliani na hesabu ya kisa. Ng'ombe 100 za kwanza, sawa, tuseme njaa ndiyo iliyozipokea. Ubaya wake hauondoki, lakini tunaweza kuuelewa: kuna watoto wengine wawili, kuna mke, na kifo kinawaangalia wote. Baada ya hapo Ajigarta si mwenye njaa tena. Ni mtu mwenye ng'ombe 100, na kwa vipimo vya nchi zetu za Maziwa Makuu huyo ni tajiri. Za pili zilinunua nini ambacho njaa ilidai? Na za tatu? Njaa ilikoma kwenye mia ya kwanza, mkono ukaendelea kunyooshwa. Msimuliaji angeweza kusema tu kwamba baba alipewa ng'ombe 300 akamtoa mwanawe. Hakusema hivyo. Alizigawa mara tatu, na kila mara akaweka mbele yake sentensi kwamba hakupatikana mtu mwingine wa kufanya kazi hiyo. Kwangu mimi mgawanyo huo ni hukumu yenyewe.

Na maandiko ya Veda yana kipimo cha jambo hili mahali pengine. Chandogya Upanishad inasimulia habari za Ushasti Chakrayana, msomi maskini wa nchi ya Wakuru, wakati mazao yalipoharibika. Alimkuta mtu akila maharagwe duni, akamwomba. Yule mtu akasema hana mengine ila hayo anayoyala. Ushasti akayapokea, akala makombo ya mtu mwingine, jambo lililokuwa mwiko kwa mtu wa hadhi yake. Alipopewa na maji akakataa: hayo ni makombo. Akaulizwa, je, maharagwe hayakuwa makombo? Akajibu kwamba bila kula yale asingeishi, lakini maji ya kunywa anaweza kuyapata apendapo. Nakipenda kisa hiki kwa udogo wake. Njaa imemruhusu Ushasti avuke mpaka, lakini kwa hatua zilezile ambazo njaa ilizihitaji na si moja zaidi. Ajigarta akipimwa kwa kipimo hicho anaanguka kwenye mia ya pili.

Kuna watu wengine pale nguzoni ambao kisa hakiwalaumu, nami nawalaumu. Makuhani wanne, wenye majina makubwa kuliko yote ya Veda, hawakukubali kumfunga kijana, wala kumchinja. Mikono yao ilibaki safi. Lakini hawakuondoka. Waliketi mahali pao, ibada ikaendelea, wakasubiri apatikane wa kufanya. Mfumo mzima ulikuwa umejaa watu wasiotaka kuua, na kisu kikanolewa hata hivyo.

Sasa mwisho wa kisa. Kijana akiwa huru, alikwenda akaketi mapajani mwa Vishvamitra. Ajigarta akasema: nirudishie mwanangu. Vishvamitra akakataa, miungu imenipa mimi. Basi Ajigarta akamgeukia kijana mwenyewe, akamsihi: wewe ni wa ukoo wa Angiras kwa kuzaliwa, usiuache ukoo wa babu yako, rudi kwangu. Shunahshepa akamjibu kwamba watu wamekuona na kisu mkononi, kitu ambacho hakijaonekana hata kwa Shudra, tabaka la chini. Ulichagua ng'ombe 300 badala yangu. Ajigarta akasema anajuta, na ng'ombe wote awachukue yeye. Kijana akajibu kwamba aliyetenda ovu mara moja atatenda jingine, na kwamba alichofanya baba yake hakiwezi kuungwa tena. Neno hilo la mwisho, lisiloungika, Vishvamitra alilidaka na kulirudia.

Tulipokijadili kisa hiki katika kundi letu la kusoma, mwenzangu mmoja alikasirika. Alisema mtoto hawezi kumkana baba, damu ni nzito kuliko maji, na kwamba mzazi anayekiri kosa lake mbele ya watu asamehewe. Wengi walimuunga mkono. Mimi nilikuwa upande wa kijana na bado niko huko. Tazama Ajigarta anajutaje: anatoa ng'ombe. Hata toba yake inahesabika kwa mifugo. Anadhani alichouza kinaweza kununuliwa kwa bei ileile. Na hoja yake ya kwanza ni ya ukoo, yaani lile deni la kuzaliwa. Anamdai mtoto deni la mababu, yeye aliyekuwa tayari kulikata kwa kisu.

Lakini Shunahshepa hakatai kwamba anadaiwa. Ndilo jambo ambalo mwenzangu hakuliona. Anapewa jina jipya, Devarata, maana yake aliyetolewa na miungu, anakuwa mwana wa Vishvamitra, na anarithi pande mbili. Tena jadi inamhesabu kuwa ndiye rishi wa nyimbo saba za Rigveda, kuanzia wa 24 mpaka wa 30 katika kitabu cha kwanza. Mtoto aliyeuzwa amekuwa mmoja wa wale ambao kila mwanafunzi wa Veda huzaliwa akiwa na deni kwao. Amelipa deni lake la kuzaliwa kikamilifu, isipokuwa hakulilipa kwa mtu aliyelidai.

Kwa kupita tu, Rigveda yenyewe inamtaja Shunahshepa mara chache, kama mtu aliyefungwa kwenye nguzo tatu akamwita Varuna na kufunguliwa. Hakuna mauzo mle, hakuna ng'ombe, hakuna baba. Ni kisa cha Brahmana kilichokuja na baba. Mtu fulani, katika karne fulani, alisikia nyimbo za kijana aliyefungwa akataka kujua ni nani aliyemfunga.

Sitaki kukifanya kisa hiki kuwa safi kuliko kilivyo. Vishvamitra alikuwa na wana 101. Wale 50 wakubwa hawakukubali kuwekewa kaka mpya juu yao, naye akawalaani, na kisa kinawafanya kuwa chanzo cha makabila ya mipakani kama Andhra, Pundra na Shabara. Yaani baba mwema wa kisa hiki naye anawaadhibu watoto kwa kukataa mpango ambao hawakuulizwa. Na ule mfano wa Shudra mdomoni mwa Shunahshepa unaonyesha kwamba kijana aliyetendewa kama si binadamu bado alikuwa na watu wa kuwatazama chini.

Kisa hiki hakikusimuliwa jioni kando ya moto. Kilisimuliwa kwa mfalme siku ya kutawazwa kwake, kuhani msimuliaji akiwa ameketi juu ya mto wa dhahabu na mwenzake akimwitikia, na Brahmana inaagiza malipo: ng'ombe 1,000 kwa msimuliaji, 100 kwa mwitikiaji. Inaongeza kwamba hata wasiokuwa wafalme, wakitamani wana, wasimuliwe kisa hiki, nao watawapata. Kwa hiyo kila mfalme mpya alisikia, kabla ya kushika nchi, kwamba palikuwa na mfalme aliyeahidi kitu kisicho chake, na kila aliyetaka mwana alisikia jinsi mwana alivyouzwa. Kama walisikia kweli au walisubiri tu baraka ifike, hilo linategemea msikilizaji, kama ilivyo kwa hadithi zote.

Ninachorudia kukifikiria ni Rohita. Kisa kinamfuata miaka sita msituni, kisha anamkabidhi Shunahshepa kwa baba yake, na tangu hapo hatajwi tena. Wakati kisu kinanolewa hatuambiwi alisimama wapi. Kamba zilipoanguka, waliokuwa wameachiwa kutoka kwenye ahadi ile ni vijana wawili. Mmoja aliondoka na baba mpya na jina jipya. Mwingine alibaki nyumbani kwa mfalme, mrithi wa mtu aliyemwahidi kabla hajazaliwa, na hakuna neno hata moja walilosemeshana.